Kicheko na Mwenye Kuchekwa

Kucheka ni jambo jepesi. Kujua tumemcheka nani, na kwa nini, si jambo jepesi. Mtu huulizwa habari ya maneno aliyoyasema. Huulizwa habari ya mali aliyoichukua na ya ahadi aliyoivunja. Lakini ni nani aliyepata kuulizwa habari ya kicheko chake? Kicheko huhesabiwa kuwa sawa na chafya: humtoka mtu bila shauri, na kikisha kumtoka hakimdai kitu. Hivyo ndivyo nilivyoamini mimi mpaka nilipokuwa mtu mzima. Katika insha hii nataka kueleza kwa nini imani hiyo ilinitoka, na jinsi somo moja la chuoni, ambalo watu wengi waliliona kuwa mchezo mtupu, lilivyonipa swali ambalo sijamaliza kulijibu.

Somo lenyewe lilikuwa juu ya vichekesho vya televisheni. Nilipompa baba habari hiyo, alikuwa amesimama katika kishamba chetu cha chai huko Bomet, kikapu mgongoni. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Yaani nimeuza majani haya yote ili mwanangu akafundishwe kucheka?" Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba afadhali nifundishwe, kwa sababu katika ukoo wa baba hapana ajuaye. Tukacheka sote watatu, na baba ndiye aliyecheka zaidi. Nakitaja kicheko hicho mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kukilaani kicheko. Nyumba isiyo na kicheko ni kama jiko lisilo na moto.

Kabla ya kupata kishamba hicho, wazazi wangu walifanya kazi katika shamba kubwa la chai karibu na mji wa Kericho, nasi tulikaa katika kambi ya wafanyakazi. Asiyepata kuifika nchi hiyo na aione kwa fikira: vilima vinafuatana, vimefunikwa na michai iliyokatwa sawasawa mpaka kimo cha kiuno, hata mtu hudhani zulia la kijani limetandikwa kutoka kilima hadi kilima, na karibu kila alasiri wingu huja na mvua yake. Mashamba makubwa yalianza kupandwa huko katika miaka ya 1920, juu ya ardhi ya Wakipsigis, na kazi ya kuchuma ikawavuta watu kutoka mbali. Walikuja Wajaluo kutoka upande wa ziwa, Wakisii kutoka milima ya jirani, na Waluhya kutoka magharibi. Katika kambi yetu mtoto aliweza kusalimiwa kwa lugha nne kabla ya kufika bombani kuteka maji. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, lakini kila mmoja wetu alikivaa kama alivyovaa koti la mvua la kazini: koti lilikuwa moja, na kila mwili ulilijaza kwa namna yake.

Kambini mlikuwa na ukumbi, na ukumbini mlikuwa na televisheni moja. Nchini Kenya televisheni ilianza mwaka 1962, lakini kwetu, hata katika miaka ya 1990, ilikuwa bado jambo la kukusanyikia. Jioni ya vichekesho watu walijaa mpaka madirishani. Tulitazama Vioja Mahakamani, mchezo ambao washitakiwa wake humchosha hakimu kwa majibu yao, na Vitimbi, ambamo Mzee Ojwang na mkewe Mama Kayai waligombana na kupatana. Mzee Ojwang alisema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kijaluo, alicheka kuwapita wote, akijipiga paja na kusema kwamba mtu yule ni mjomba wake hasa, wamempata wapi? Miaka mingi baadaye nilijua kwamba Mzee Ojwang hakuwa Mjaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mgikuyu. Mgikuyu aliiga lafudhi ya Mjaluo, na Mjaluo akamwita mjomba. Tuliweke jambo hilo akiba, tutalihitaji mbele.

Nilikuwa na rafiki wa rika langu, mtoto wa Kikisii, ambaye mlango wao ulitazamana na wetu. Mimi naye tulikuwa kama ulimi na meno, vitu vinavyokaa pamoja na mara kwa mara huumana. Yeye hakuweza kutamka sh: shamba kwake lilikuwa "samba", na shule ilikuwa "sure". Mimi nami sikuweza kutenganisha b na p: baba kwangu alikuwa "papa", na kitabu kilikuwa "kitapu". Tulichekana kutwa. Alinitania, nikamtania, alirusha, nikarudisha, na jioni tukala katika sahani moja.

Baadaye, majira ya uchaguzi yalipokuja na kila mtu akaanza kuhesabu watu wake, watoto wengi kambini walijikusanya upande wangu. Nikisema "samba", walicheka watoto kumi. Akisema yeye "papa", alicheka peke yake. Siku moja akaacha kunirudishia. Nilidhani amenyamaza kwa sababu nimemshinda.

Dunia haikukawia kunilipa. Nilipelekwa shule ya sekondari ya bweni, mbali na kwetu. Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana watatu, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walijulikana sana kwa mchezo wao wa Redykyulass. Mong'are alimwiga Rais Daniel arap Moi: sauti yake, rungu lake, hotuba zake, na lafudhi yake ya Kikalenjin. Nchi nzima ilicheka. Darasani kwetu, siku ya kwanza niliposimama kusoma kwa sauti, sikumaliza sentensi ya pili kabla ya mtu aliyekaa nyuma yangu kuyarudia maneno yangu kwa sauti ya Rais, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mtukufu. Mimi, mtoto wa mchuma chai, nisiye na rungu wala askari, nilivikwa lafudhi ya mtawala bila ya kupewa utawala wake. Nilijifunza kusoma kimoyomoyo, kuinua mkono mara chache, na kuyatafuta maneno yasiyo na b. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Hata hivyo, katika uchungu wangu wote, sikumkumbuka hata mara moja yule mtoto wa Kikisii. Hilo ndilo linalonitia haya leo kuliko yote.

Hapa yafaa nieleze jambo moja juu ya lafudhi, kwa sababu watu wengi huidhani kuwa uvivu wa ulimi. Kila lugha huchagua sauti chache katika sauti nyingi ambazo kinywa cha mwanadamu chaweza kuzitoa, na mtoto huzoea zile ambazo katika lugha yake hutenganisha neno na neno. Katika lugha za Kikalenjin, p na b hazitenganishi neno na neno, wala t na d, wala k na g. Katika Kikisii cha asili hamna sh wala l. Kijaluo nacho kina irabu nyingi kuliko Kiswahili, na Mswahili wa pwani akijaribu kuzitamka hujikwaa kama tunavyojikwaa sisi katika lugha yake. Kwa hiyo mtu anapotamka Kiswahili kwa lafudhi ya kwao, hatoi ushahidi wa ujinga. Hutoa ushahidi kwamba anajua lugha nyingine. Lau tungefikiri vema, tungemstahi kwa sauti hiyo hiyo tunayomchekea.

Mwishoni mwa mwaka 2007 ulifanyika uchaguzi, na matokeo yake yakaleta damu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Katika Kericho na Bomet nyumba zilichomwa, na wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka katika makabila mengine walikimbia na watoto wao. Jamaa ya rafiki yangu ilikuwa miongoni mwao. Niliporudi kambini kuwatazama wazazi wangu nilikuta mlango uliotazamana na wetu umefungwa kwa ubao. Hapana aliyejua walikopita. Miezi michache baadaye wazazi wangu nao walistaafu, wakahamia Bomet. Mimi nikaenda chuoni Nairobi.

Mwalimu wetu wa vichekesho hakuwa mtu wa kuchekesha. Siku ya kwanza aliingia, akaandika ubaoni maswali matatu: Nani anacheka? Nani anachekwa? Ni kitu gani kinachochekwa? Akasema kwamba muhula mzima ni hayo tu, akaanza kazi.

Tulianza na wenye hekima wa zamani. Aristotle wa Uyunani aliona kwamba kichekesho huiga watu walio duni, na kwamba kinachochekesha ni kasoro isiyoleta maumivu wala madhara. Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, alikuwa mkali zaidi: yeye aliona kuwa kicheko ni furaha inayomjia mtu ghafula anapojiona yu juu ya mwenzake. Henri Bergson, Mfaransa aliyeandika kitabu juu ya kicheko mwaka 1900, alisema kwamba ili tucheke ni lazima moyo unyamaze kidogo, kwa maana anayemwonea mtu huruma hawezi kumcheka wakati ule ule. Niliyasikia hayo kama mgonjwa asikiavyo jina la maradhi yake. Nilitaka kumwuliza Aristotle: isiyoleta maumivu kwa nani? Na Hobbes nilimwona amekaa katika darasa langu la sekondari, kiti cha nyuma.

Kisha mwalimu alituonyesha mchezo wa zamani wa Marekani, kwanza pamoja na kicheko chake, halafu bila kicheko hicho. Katika miaka ya 1950 fundi mmoja wa nchi hiyo, Charles Douglass, aliunda mashine iliyotunza vicheko vya watu vilivyonaswa; mtengeneza mchezo alipotaka pachekwe, kitufe kilibonyezwa, na kicheko kikatoka, kidogo au kikubwa kama alivyopenda. Mtazamaji aliye peke yake nyumbani alisikia watu wakicheka, naye akacheka. Kicheko kilipoondolewa, mizaha mingi tuliyokwisha kuichekea ilikufa mbele ya macho yetu. Tukajua kwamba tulikuwa hatukicheki kile kilichosemwa. Tulikuwa tukiwafuata wenzetu. Nikakumbuka ukumbi wa kambi yetu. Sisi hatukuhitaji mashine; tulikuwa na watoto kumi.

Somo lililonisumbua zaidi lilihusu mchezo uitwao All in the Family, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1971. Ndani yake mlikuwa na baba mmoja, Archie Bunker, aliyejaa chuki ya watu wa rangi nyingine na ya wageni. Watungaji walikusudia kwamba watu wamcheke Archie, na kwa kumcheka waione aibu ya chuki yake. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Neil Vidmar na Milton Rokeach, walichapisha uchunguzi wao juu ya watazamaji wa mchezo huo. Waliona kwamba wale waliokuwa na chuki nyingi walielekea kumpenda Archie na kuona kwamba yeye ndiye asemaye kweli. Mchezo mmoja, maneno mamoja, kicheko kimoja. Na huku mmoja anaicheka chuki, mwingine anacheka pamoja nayo.

Ndipo nilipopata ujasiri wa kusimama na kuuliza juu ya Redykyulass. Nilieleza jinsi nilivyoitwa Mtukufu. Nikauliza: Je, wale vijana watatu walitenda haki?

Darasa liligawanyika. Upande mmoja walisema kwamba walitenda haki, tena kwa ushujaa. Walitukumbusha nchi ilivyokuwa: mwaka 1982 serikali ilivunja ukumbi wa maonyesho ambao wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walikuwa wameujenga kwa mikono yao wenyewe, kwa kuwa michezo yao haikuwapendeza wakubwa. Katika nchi ya namna hiyo, kijana anayevaa sauti ya Rais na kuwafanya watu wacheke amewapunguzia hofu, na kuwapunguzia watu hofu ni sadaka kubwa. Tena aliyechekwa alikuwa na majeshi, magereza na redio. Kama angetaka kujibu, asingekosa njia. Upande wa pili walisema kwamba Rais hakuchekwa kwa matendo yake tu; alichekwa kwa ulimi wake, na ulimi huo haukuwa wake peke yake. Ulikuwa ulimi wa wachuma chai, wafuga ng'ombe na watoto wa shule, ambao hawakumfunga mtu wala hawakuvunja ukumbi wa mtu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wenzako wa sekondari walimcheka Rais, au walikucheka wewe?"

"Walinicheka mimi."

"Basi hicho kilikuwa kichekesho kingine," akasema, "na mtungaji wake alikuwa mwingine."

Nimelifikiri neno hilo kwa miaka mingi, na naona kuwa lina kweli kubwa ndani yake. Arudiaye mzaha huwa mtungaji wake. Mzaha si jiwe linalobaki jiwe kila litupwapo; hubadilika kwa anayeutupa, na kwa anayetupiwa, na kwa mahali wanaposimama wote wawili. Maneno yaliyokuwa ushujaa mbele ya mtawala yaweza kuwa uonevu mbele ya mtoto. Sikusudii kumwondolea mchekeshaji wajibu wake wote. Mpiga mshale aonaye watu nyuma ya mnyama hana budi kulenga vizuri zaidi, na kama angeweza kumpiga Rais kwa matendo yake bila kuugusa ulimi wa kabila zima, ingekuwa bora. Lakini mshale ule ulikuwa umekwisha kuanguka chini. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyeuokota.

Sasa tumtoe Mzee Ojwang katika akiba yetu. Kwa nini jirani yetu Mjaluo alimwita mjomba, naye alikuwa lafudhi ya kuigwa? Naona sababu ni hii: lafudhi yake ilikuwa sauti yake, haikuwa kosa lake. Mzee huyo alikuwa na mke aliyeweza kumshinda kwa maneno, alikuwa na hila, tamaa, woga, na huruma. Tulimcheka kwa tamaa yake na kwa woga wake, mambo ambayo kila kabila linayo. Benson Wanjau hakuvaa ulimi wa Mjaluo peke yake. Alivaa mtu mzima. Aigaye sauti tu humfanya mwenzake kuwa sauti. Aigaye mtu humpa mwenzake ndugu.

Wazee wetu wa Afrika ya Mashariki walilijua jambo hili kabla ya televisheni, wakaliwekea sheria zisizoandikwa. Sheria hizo ni utani. Kusini mwa Tanzania, Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani huweza kumsema mwenziwe maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yataleta ugomvi. Humtania hata msibani. Lakini utani una masharti mawili. La kwanza, hurudi: anayetania leo hutaniwa kesho, wala hana haki ya kukasirika. La pili, hubeba wajibu: mtani anayecheka msibani ndiye pia anayesaidia kazi za maziko. Utani usiorudi umekwisha kuwa tusi, na mtani asiyesaidia ni adui aliyevaa kicheko. Kwa kipimo hiki nilijipima mwenyewe. Siku rafiki yangu alipoacha kunirudishia, utani wetu ulikufa, nami niliendelea kucheka juu ya maiti yake.

Katika Kitabu cha Waamuzi mna habari ya vita kati ya watu wa Gileadi na watu wa Efraimu. Wagileadi walivishika vivuko vya mto Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutamka sh, wakasema sibolethi. Na aliyesema hivyo aliuawa. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo kanisani mara nyingi, lakini ni katika somo la vichekesho nilipotambua kwamba sauti ile iliyowaua Waefraimu ni ile ile iliyotuchekesha bombani.

Niliufanya mtihani wa somo lile, nikafaulu vizuri. Likizo iliyofuata nilikwenda katika soko la Chebilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira, ambako Wakipsigis na Wakisii huuziana mazao. Katikati ya soko nilimwona rafiki yangu akishusha mikungu ya ndizi. Moyo wangu ulijaa furaha. Na mimi niliyesoma Aristotle, na Hobbes, na Bergson, nilimwendea kwa nyuma nikamwita kwa sauti kubwa, "Habari ya samba?"

Aligeuka. Alinitambua mara moja, akanipa mkono, lakini hakucheka. Tulikaa kando ya ndizi zake, akaniambia, "Ndugu yangu, neno hilo mimi silisemi tena. Nikitaka kulitaja shamba la chai nasema kule kwenye chai." Kisha akanieleza kwamba usiku ule wa mwaka 2008 lori lililowabeba lilisimamishwa njiani na vijana wenye silaha. Walitakiwa kushuka na kusema wametoka wapi. Yeye akajibu kwamba wametoka shamba la chai. "Walicheka kwanza," akasema. "Walinirudisha nilitamke tena, wakacheka tena. Halafu wakachukua kila kitu tulichokuwa nacho. Tuliachwa hai kwa kuwa mama aliwalilia kwa Kikipsigis alichojifunza kwa mama yako. Najua wewe hukuwapo. Lakini kile kicheko nilikijua. Kilikuwa kile kile cha bombani."

Nilimwomba radhi, na radhi yenyewe ilinitoka kwa taabu, kwa maana sikujua nianzie mwaka gani.

Huenda msomaji akasema: mtoto wa bombani hana sehemu katika uovu wa watu wa barabarani, na kicheko humtoka mtu kama chafya, nani awezaye kukizuia? Nakubali nusu ya maneno hayo. Sikuliweka mimi gogo barabarani. Lakini nilisaidia kuwafundisha watoto kumi kwamba sauti ile ni alama, na kwamba mwenye alama ni wa kuchekwa. Na watoto hao walikua, kila mmoja akaenda njia yake. Ama juu ya chafya, nitajibu kwa mfano wa kwetu. Mchuma chai mgeni hutazama kila tawi kabla ya kuchuma, kwa kuwa yatakiwa achukue majani mawili na chipukizi, aliache jani gumu. Baada ya miaka, mkono wake huchagua wenyewe huku akizungumza na jirani yake; haufikiri, wala haukosei. Je, tuseme mkono huo hauna shauri? Shauri lilifanyika zamani, likawa mazoea. Kicheko nacho ni hivyo. Hatuwezi kukizuia kinapotoka, lakini kila siku tunaufundisha moyo wetu ni wapi pa kucheka. Kicheko cha kwanza chaweza kuwa chafya. Cha pili, tunapourudia mzaha ili wengine wacheke, ni tendo letu.

Baada ya machafuko, mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano wa taifa, inayokataza uchochezi wa chuki za makabila. Katiba ya mwaka 2010 nayo inalinda uhuru wa kusema, na inatoa nje ya ulinzi huo maneno ya chuki. Hayo ni mema. Mwaka 2009 ukaanza mchezo wa vibaraka uitwao XYZ Show, ulioanzishwa na mchoraji Gado, mzaliwa wa Tanzania, ambamo wakubwa wa nchi walichekwa bila woga. Hilo nalo ni jema, kwa maana taifa lisilowacheka wakubwa wake litawaabudu. Lakini hapana sheria ifikayo katika bweni usiku, wala bombani asubuhi. Huko hapana hakimu ila yule anayecheka.

Kwa hiyo, kijana msomaji, sikwambii uache kucheka. Nakuachia yale maswali matatu ya ubaoni, na la nne nililoliongeza mwenyewe huko Chebilat: Mwenye kuchekwa aweza kurudisha? Ukimwona amenyamaza, usikimbilie kudhani kwamba umeshinda.

Sijasema jinsi tulivyoagana. Nilimsaidia kupanga mikungu yake, nikanunua mmoja, nikaondoka. Nilipokuwa nimefika mbali kidogo alinipigia kelele mbele ya soko zima: "Msalimie papa!" Wauza ndizi wote wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Baba alipozipokea salamu hizo jioni, akauliza ni nani huyo anayejua kulitamka neno vizuri namna hiyo.